Jina Lililonipeleka Buffalo

Tangu nirudi, kila nikikaa mezani wakati wa mapumziko kazini kuna mtu ananiuliza mambo matatu: mjukuu anaitwaje, kwa nini nilisema nitarudi Jumapili nikarudi Alhamisi, na je, ni kweli mkwe wangu ni Mwislamu. Kanisani nako ni hayo hayo. Nimesimulia vipande vipande, huyu nikampa mwanzo, yule nikampa mwisho, mpaka mmeanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya safari niliyokwenda mimi. Basi nimekaa nikaandika yote. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa nimeziacha, hazina utamu.

Louisville, kabla sijatoka

Kwa wasiomjua, Angelique ni binti yangu wa pekee. Sisi humwita Anje. Nilimzaa tukiwa kambi ya wakimbizi, Kigoma, tukaja naye hapa Louisville akiwa na miaka tisa. Alipomaliza shule alihamia Buffalo kufanya kazi ya kuwatunza wazee, na huko ndiko alikopata mume.

Mume huyo anaitwa Emlyn, na miezi mingi nilidhani ni mwanamke. Kwetu Burundi Emeline ni jina la msichana. Anje alipokuwa akiniambia kwenye simu kwamba Emlini amempikia supu, Emlini amempeleka kung'olewa jino, nilimshukuru Mungu kwa kumpa mwanangu rafiki mwema katika mji wa baridi. Nilimtumia hata kitenge cha kushonea gauni. Siku Anje aliponiambia kwamba wameoana mbele ya karani wa mji, bila kanisa na bila mimi, ndipo nilipojua kwamba Emlini ana ndevu. Nilikasirika kwa mambo mawili kwa mpigo na sikujua nianze na lipi, kwa hiyo nikanyamaza. Mwaka na nusu tukawa watu wa salamu tu. Umeamkaje, huko kuna theluji, haya, lala salama.

Kisha akazaliwa mtoto wa kiume. Wiki tatu nzima alikuwa akiitwa "mtoto", maana wazazi wake walikuwa hawajaafikiana jina. Emlyn anatoka Wales, na alitaka jina la kwao. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba ni Mwingereza, kumbe hilo nalo halikuwa sawa. Jumanne asubuhi, ninaingia kazini kule Jeffersontown, Anje akapiga simu kusema mtoto atabarikiwa kanisani Jumapili, nifanye kila niwezalo nifike.

"Na jina?" nikamuuliza.

"Tumefikiria Idris."

Sikujibu. Nilikuwa nimesikia vizuri. Mimi nimekulia Tanzania, Idrisa namjua, ni kijana anayekwenda msikitini siku ya Ijumaa. Sina ugomvi na Waislamu, nimeishi nao, nimekula kwao sikukuu. Lakini akili yangu haikupata pa kuliweka jambo hilo. Je, Anje amesilimu? Au mumewe ndiye Mwislamu? Na kama ni Mwislamu, kubarikiwa kanisani ni kwa nini? Yote hayo yalinijaa mdomoni, na kwa kuwa tulikuwa watu wa salamu tu, sikuuliza hata moja. Nilisema tu kwamba nitakuja, tukaagana.

Nilipouliza kazini kama Wales ni nchi ya Waislamu, hakuna aliyejua. Mwenzetu mmoja akaiuliza simu yake kwa sauti, ikamletea picha ya nyangumi, maana kwa Kiingereza wanasikika vivyo hivyo.

Niseme pia kwamba nilikuwa na jina langu nililoliandaa kwa ajili ya mtoto huyo. Sitalitaja hapa, kwa sababu huenda wakaja wajukuu wengine.

Louisville hadi Columbus

Basi liliondoka Jumatano asubuhi. Nilikuwa na chapati sita, mayai ya kuchemsha, na sweta nililolifuma mwenyewe. Tulifika Cincinnati tukaambiwa tushuke, dereva wa kutupokea hajafika. Tukakaa saa moja, ikawa ya pili, ikawa ya tatu.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kimarekani, mzee kunizidi, amepakata boksi la keki anayompelekea dada yake. Nilimpa yai, akanipa pipi, tukaanza kuzungumza kwa Kiingereza changu mnachokijua. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Buffalo, kumwona mjukuu. Akauliza mjukuu anaitwa nani. Nikasema Idris.

Akasema ndiyo, lakini jina lake nani?

Nikasema tena, Idris. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniuliza kama ninayo adresi hiyo imeandikwa mahali popote. Nikadhani anataka kumtumia mtoto zawadi, nikashangaa ukarimu wake. Nikamwambia hapana, sijaandika, mimi mwenyewe nimesikia jana tu kwenye simu. Yule mama akaweka boksi chini, akanishika mkono, akanipeleka mpaka dirishani kwa karani wa kituo, akamweleza kwamba mama huyu anasafiri kwenda Buffalo kwa mjukuu wake na hana adresi.

Karani akaniuliza adresi. Nikasema ndiyo, Idris. Akauliza ya mtaa gani. Nikasema ya mtoto. Watu wawili nyuma yetu nao wakaanza kusaidia. Mmoja alipendekeza polisi waitwe ili wanisindikize. Mimi wakati huo nilikuwa nafikiri kwamba labda hata Amerika jina hili lina kesi, kwamba limewashtua kama lilivyonishtua mimi, na nikajisikia vibaya kwa ajili ya mtoto ambaye hajafanya kosa lolote. Mwishowe nikaomba kalamu, nikaliandika. Karani akalisoma, akamtazama yule mama, wakacheka mpaka karani akafuta machozi. Mimi pia nilicheka, kwa adabu, bila kujua tunacheka nini. Nilikuja kuelewa tulipokuwa tumeshaipita Dayton kwamba muda wote walisikia adresi, nikacheka peke yangu, abiria wa mbele akageuka kunitazama.

Columbus, kwa Skola

Columbus nilipokelewa na Dada Skola, yaani Scolastica, tuliyekaa naye kibanda kwa kibanda kambini. Ananizidi miaka michache, na mpaka leo hunisemesha kama mtu anayenisimamia. Alikuwa amepika ugali, maharage na ndagala, dagaa wa kwetu, na alikuwa amenipatia lifti ya gari lililokuwa likienda Buffalo siku ya Ijumaa. Kwa hiyo Alhamisi nzima nilikuwa kwake.

Jioni ile ya kwanza Anje alinitumia ujumbe wa sauti kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nilisikia kwamba nain atanipigia kesho. Nilidhani amesema saa tisa yao ya Kiingereza, yaani saa tatu yetu ya asubuhi. Saa tatu nikawa nimekaa kwenye kochi, nimefunga kilemba, simu mkononi. Hakupiga mtu. Skola akasema Anje ni mtoto wa Kigoma, huenda kahesabu kwa saa zetu, subiri saa tisa ya mchana. Saa tisa nikafunga tena kilemba. Hakuna. Kitu pekee kilichotokea siku hiyo ni kwamba mnamo saa sita adhuhuri namba ndefu ya ajabu, ya nje ya nchi, ilipiga mara mbili, na mara zote mbili niliikata, maana kanisani tumeonywa kuhusu matapeli.

Wakati wa chakula nikamtolea Skola mzigo wangu. Nikamwambia mjukuu wangu anakwenda kuitwa Idris, sijui wamekuwa Waislamu au nini, na sina ujasiri wa kuuliza. Skola alikuwa anachambua ndagala. Hakuacha kuchambua.

"Mama Anje," akasema, "jina hilo ndilo linakutisha wewe? Wewe uliyebebwa?"

Nikamuuliza nimebebwa na nani.

Akanikumbusha. Nilikuwa sijalisahau jambo lenyewe, nani angesahau, ila nilikuwa nimelifunika. Uchungu wa Anje ulinishika wakati wa masika. Gari la kliniki lilikuwa limekwama kwenye tope ng'ambo ya kambi, mume wangu yuko mbali, na mimi tangu usiku nasukuma bila mtoto kutoka. Asubuhi walikuja wanakijiji kubadilishana mihogo na mahindi yetu ya mgao, kama walivyofanya kila wiki. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kanzu iliyopauka, aliona wanawake wamenizunguka. Akamwaga mihogo yake yote chini, akanikalisha kwenye kariya ya baiskeli, akanifunga kwa shuka nisianguke, akaisukuma ile baiskeli kwenye tope kwa mwendo wa saa mbili. Skola alikuwa nyuma ananishikilia mgongo. Anje alizaliwa muda mfupi baada ya kufika. Mkunga alisema tungechelewa kidogo tu angezikwa mmoja, au wote wawili.

Mimi nilimjua mtu yule kama "wa mihogo". Sikuwahi kumwuliza jina, nilikuwa na mambo mengine. Skola alisema yeye aliliuliza.

"Alikuja siku ya tatu kutujulia hali," akasema. "Akauliza mtoto ameitwaje. Nikamwambia Angelique. Akajaribu, likamshinda, akauliza kama hilo si jina la dawa. Ndipo na mimi nikamwuliza lake. Idrisa."

Sikuweza kumaliza ugali wangu. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshaamua kwamba jina ni zuri, kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyelileta, na kwamba nikifika Buffalo nitamsimulia Anje habari ambayo sikuwahi kumsimulia hata siku moja. Yeye anajua tu kwamba alizaliwa kliniki.

Ijumaa asubuhi nimeshabeba begi, niko mlangoni, Skola akanishika bega. Akasema amefikiri sana, na sasa hana uhakika. Huenda yule bwana alikuwa Hamisi, na Idrisa alikuwa yule aliyekuja naye, mwenye jicho moja.

Niliingia garini nikiwa sijui nicheke au nirudi ndani.

Columbus hadi kwa wazima moto

Dereva alikuwa Baba Faida, Mkongomani kutoka Uvira, anayepeleka unga wa fufu na samaki wakavu kwenye maduka ya watu wetu Buffalo. Kiti cha nyuma kilijaa magunia mpaka dirisha halionekani. "Bon, mama, ingia mbele," aliniambia, "nyuma iko kwa samaki."

Njia ya kupanda Cleveland ilikuwa nzuri. Alinipa mandazi ya mke wake, akanisimulia watoto wake watano wanaomjibu kwa Kiingereza yeye akiuliza kwa Kiswahili, kama wangu. Tulipoipita Erie mbingu zikabadilika rangi. Theluji ilianza kama mchezo, halafu ikawa ukuta. Walio huko wanaijua, inatoka ziwani, inamwagwa mahali pamoja kama mtu aliyepindua debe. Baada ya muda polisi wakaifunga barabara kuu, magari yote yakaelekezwa mji mdogo ambao jina lake sikulishika, nasi tukaingizwa kwenye jengo la wazima moto, watu kama sitini, na mbwa wawili.

Akina mama wa mji ule walitupikia supu ya maharage na nyama ya kusaga. Waliipa jina la pilipili, lakini ilikuwa na sukari. Baba Faida alikwenda garini akaleta pilipili ya kwao kwenye chupa ndogo, wakajaribu wazima moto watatu, wakawa wekundu, wakaomba tena.

Ilikuwa mchana bado, na hapakuwa na la kufanya. Nilimsimulia Baba Faida habari yote, jina, baiskeli, Idrisa ambaye labda ni Hamisi. Nikamwambia nimechanganyikiwa. Kama jina ni la yule aliyetuokoa, nalipokea kwa mikono miwili. Kama si lake, narudi palepale nilipokuwa Jumanne. Na Anje kalipata wapi, maana sikuwahi kumsimulia? Na mumewe je?

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Donc, mutoto wako ulimuuliza?"

Nikasema sikumwuliza.

"Sasa unabishana na nani, mama? Yeye haiko hapa."

Nilimwambia hayo ni mambo ya mama na binti, hawezi kuyaelewa. Akakubali kwamba hayaelewi, akaenda kucheza karata na wazima moto. Lakini neno lake lilinikaa. Nilitoa simu nimpigie Anje. Mtandao ulikuwa umekatika mji mzima.

Tulilala pale kwenye vitanda vya kukunja. Barabara ilifunguliwa Jumamosi saa tano asubuhi.

Buffalo, nyumba ya Riverside

Wanakaa Riverside, karibu na mto, nyumba ndogo ya mbao yenye ngazi tatu mbele. Mlango ulifunguliwa na Emlyn. Ni mtu mwembamba, fundi wa lifti, na alikuwa amejifunza la kusema. "Shikamoo, Mama," akasema. Nikaitikia marahaba. Naye akasema marahaba. Tukabaki tumesimama mlangoni, baridi inaingia, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Anje alikuja na mtoto mikononi. Nilikuwa sijamwona Anje kwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa amekonda usoni. Alinipa mtoto kwanza, kabla hajanikumbatia, na nilielewa kwa nini: mtu aliyebeba mtoto hawezi kugombana. Mtoto alikuwa na masikio ya marehemu mume wangu. Mengine yote sikuyajua yametoka wapi.

Emlyn aliandaa chakula. Kulikuwa na supu ya majani marefu kama vitunguu, na vichapati vidogo vinene vilivyopikwa juu ya kikaango. Nilifurahi kuona chapati. Nilichukua vitatu, nikavimwagia maharage niliyofungiwa na Skola. Emlyn alinitazama. Kumbe ni keki, zina zabibu kavu ndani. Nilizimaliza zote kwa ajili ya heshima, na yeye, kwa heshima yake, alichukua maharage akayaweka juu ya keki yake, akala.

Nikajikaza. Nikasema, haya, nileteeni Idris wangu, nimwite kwa jina lake.

Anje na Emlyn wakatazamana.

"Mama, haitwi hivyo," Anje akasema. "Tumebadilisha. Anaitwa Llew. Maana yake ni simba. Nilijua simba utampenda."

Alilitamka kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Nikamwomba arudie. Emlyn akanionyesha: unauweka ulimi kama wa kusema L, halafu unapuliza pembeni. Nilipuliza. Mtoto akafumba macho, nikamfuta paji la uso. Nikajaribu tena, ikatoka Shleu, ikatoka Fleu. Anje akasema nisijali, hata muuguzi aliyekuja kumpima mtoto alimwita Lu.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi ya majina, herufi nyingi zisizo na irabu zimebanana. Yote yalikuwa yamepigwa mstari isipokuwa hilo moja. Idris lilikuwa la juu kabisa, na mstari wake ulikuwa mpya, wa kalamu nyekundu.

Nikamwuliza Anje kwa nini.

"Ulinyamaza, Mama," akasema. "Nilikwambia jina ukanyamaza. Nikamwuliza mama mmoja kanisani, akaniambia hilo ni jina la Waislamu, mama yako ameumia. Halafu Alhamisi mama yake Emlyn akakupigia mara mbili, ukamkatia."

Nikasema mimi sikupigiwa na mtu, niliambiwa saa tatu nikangoja, nikangoja na saa tisa. Anje akaweka mkono mdomoni. Nain, akanieleza, si saa. Ndivyo bibi anavyoitwa kwao Emlyn. Bibi mzaa baba ndiye aliyetaka kunisalimu, kutoka Wales, na namba ndefu niliyodhani ya matapeli ilikuwa yake.

Nilikaa chini. Nikauliza lile swali la Jumanne, sasa kwa sauti: mumeo ni Mwislamu?

Hapana, akasema. Amekulia kanisani kuliko hata sisi. Kwao Idris ni jina la zamani sana, kuna hata mlima unaoitwa hivyo, na hakuna anayejua lilivyofanana na lile letu la Kigoma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lilikuwa jina la baba yake, Mama. Alikufa mwaka mmoja kabla hatujaoana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Jina la baba yake amelifuta kwa kalamu nyekundu kwa sababu mwanamke asiyemjua, asiyekuwapo kwenye ndoa yake, alinyamaza kwenye simu. Na hakusema neno.

Basi nikasimulia. Nilimsimulia Anje masika yale, tope, kariya ya baiskeli, shuka, mihogo iliyomwagwa chini. Anje alikuwa akimtafsiria mumewe, sentensi kwa sentensi, mpaka tulipofika mkunga alipokuwa anasema angezikwa mmoja, hapo akaacha kutafsiri. Emlyn hakumhimiza. Nikamaliza kwa ukweli, sikutaka kudanganya: kwamba Skola alisema mtu yule aliitwa Idrisa, na kesho yake akasema huenda ni Hamisi, na kwamba sijui, na sitajua kamwe, maana niliyepaswa kumwuliza nilikuwa mimi na sikumwuliza.

"Sijui hata kama yuko hai," nikasema. "Lakini mtoto asinyimwe jina la babu yake kwa sababu yangu. Nilinyamaza kwa kuchanganyikiwa, sikuwa nimekataa."

Anje alimweleza Emlyn. Emlyn alikausha mikono, akavaa koti, akatoka nje kupiga koleo theluji ya ngazi ambayo ilikuwa imeshaondolewa. Nilimwuliza Anje kama nimemkosea. Akasema hapana, huwa anafanya hivyo.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, masikio yamekuwa mekundu, alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Akaitoa ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Anje alilala na kichwa chake begani kwangu tukiwa tunatazama mtoto, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu akiwa na miaka kumi na mbili.

Jumapili, na siku zilizofuata

Kanisa lao liko Lower West Side, la Wakongomani na Warundi, na watu wachache wa Buffalo wenyewe. Mchungaji alimwinua mtoto, akamwita Idris, akaliombea jina hilo na mwenye nalo. Nilisikia mnong'ono kwenye viti vya nyuma, sikugeuka. Baba Faida alikuwa amekuja, na baada ya ibada akampa Emlyn samaki mkavu mkubwa kama mkono, akamweleza kwa Kifaransa namna ya kumloweka. Emlyn hajui Kifaransa. Alishukuru sana.

Walinishika nisirudi siku hiyo, nami sikubisha. Msimamizi wangu kazini ameshanisamehe. Jumatatu tulimpika samaki, Jumanne nilimfundisha Emlyn kusukuma chapati, za kwake zina pembe. Anje aliniuliza habari za baba yake na za kambini, maswali ya miaka mingi, nikamjibu, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kirundi alichokisahau. Hatukumaliza.

Lakini mnaloniuliza zaidi ni lile la Jumapili mchana. Tulipotoka kanisani, kabla hatujala, Emlyn aliweka simu juu ya meza na kumpigia mama yake kwa picha. Akatokea mama wa miaka sabini hivi, nywele nyeupe zimekatwa fupi, jikoni kwake, nje kumeshakuwa giza. Kiingereza anakijua, lakini siku ile mara nyingi alirudi kwenye lugha ya kwao, na maneno yake yakawa yanapita kwa Emlyn, kisha kwa Anje, ndipo yanifikie. Nilimwomba radhi kwa kumkatia simu. Akasema na yeye humkatia kila mtu.

Emlyn hakuwa amemwambia lolote bado. Mama yake alijua tu kwamba jina la mumewe limeachwa, na alikuwa amelikubali. Nilimshika mtoto nikamwelekeza kwenye simu, amwone vizuri. Anje akaniambia, "Mwambie wewe, Mama."

Sikuwa na maneno ya lugha yake, wala Kiingereza cha kutosha. Nikamwonyesha mtoto kwa kidole, nikasema, "Idrisi."

Nililisema kama ulimi wangu unavyojua, kila herufi mahali pake, r ikatetemeka, na i ile ya mwisho nisiyoweza kuiacha. Yule mama aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Nilidhani simu imeganda. Halafu akasema jambo fupi, na Emlyn hakulitafsiri. Akainamisha kichwa. Anje akamgusa mkono, akamwuliza, na Emlyn akamwambia polepole, naye akanigeukia.

"Anasema tangu babu afariki hajalisikia likitamkwa hivi. Majirani zake wa sasa wote wanalisema kwa Kiingereza, wanalimeza katikati, hata Emlyn siku hizi analisema kama Mmarekani. Anasema wewe umelisema kama lilivyosemwa nyumbani kwake, kasoro mkia." Anje alivuta pumzi. "Anaomba ulirudie."

Nikamsogeza mtoto karibu na simu, nikalirudia.